Jukwaa la Majirani: Mhadhara Juu ya Pantomaimu na Wasanii wa Ridhaa



Kila mwaka, Krismasi ikishapita na baridi ya Januari ikiwa imekaza, katika vijiji na miji midogo ya Uingereza watu wazima wenye kazi zao za heshima hukutana kwenye ukumbi wa kijiji ili wacheze. Fundi bomba huvaa gauni la maua, wigi na hereni kubwa. Mhasibu huinama akaingia katika nusu ya nyuma ya ng'ombe wa kitambaa, na kijana wa jirani yake akaingia nusu ya mbele. Mwalimu wa shule ya msingi hujipaka rangi ya kijani usoni ili wanafunzi wake wapate kumzomea kwa ruhusa. Hakuna anayelipwa. Tiketi huuzwa kwa mkono, mtu kwa mtu, na fedha zikipatikana mara nyingi huishia kwenye paa la ukumbi uleule.

Mchezo huo ni pantomaimu. Msiufikirie kuwa igizo bubu, lile la mtu aliyepaka uso chokaa anayejifanya kupanda ngazi isiyokuwepo. Huu una maneno mengi, nyimbo, mashairi, kukimbizana na makelele, na makelele makubwa kuliko yote hutoka kwa watazamaji. Hadithi zake ni zilezile mwaka hadi mwaka: Cinderella, Aladdin, Jack na mharagwe wake uliotoboa mawingu, Dick Whittington na paka wake, Paka Mwenye Buti, Mrembo Aliyelala. Babu anaijua hadithi, mjukuu anaijua, na hakuna anayekwenda ukumbini ili akajue mwisho wake.

Wasomi wengi wa tamthilia huupita mchezo huu bila kugeuka, kwa kuuona mambo ya watoto. Mimi nimekuja kuutetea, tena kwa moyo wote. Naamini ndani yake mna ufundi mkubwa ambao sisi tunauhitaji sana, nao ni ufundi wa kulea watazamaji. Majumba ya maonyesho tunaweza kuyajenga kwa saruji na bajeti. Watazamaji hawajengwi hivyo.

Historia nitaipitia upesi, nikikaa pale tu inapotufaa. Mizizi ya pantomaimu iko Italia, kwa wachezaji wa kuzunguka waliovaa vinyago: Arlecchino mtumishi mjanja, Pantalone mzee bahili, Colombina binti mwerevu. Walifika Ufaransa, kisha London. Mwaka 1717 mwalimu wa dansi aliyeitwa John Weaver alionyesha katika jumba la Drury Lane mchezo wa dansi juu ya mapenzi ya Mars na Venus. Mpinzani wake, John Rich wa Lincoln's Inn Fields, alimchukua Arlecchino akamfanya Harlequin, mhusika asiyesema neno, mwenye ubao mkononi. Ubao ule ulikuwa vipande viwili vya mbao vilivyofungwa pamoja. Ukimpiga mtu nao hutoa mlio mkubwa bila kumuumiza. Na Harlequin akigusa kitu kwa ubao, kitu hicho hugeuka: kibanda kikawa kasri, kiti kikawa mti. Mafundi wa nyuma ya pazia ndio waliokuwa wakitoka jasho.

Lipo jambo la sheria ambalo mwanafunzi wa sanaa asilikose. Katika London ya wakati ule, michezo ya kusemwa iliachiwa majumba machache yaliyokuwa na hati ya mfalme, na sheria ya mwaka 1737 ilizidi kukaza kamba. Majumba mengine yalilazimika kusimulia kwa muziki, kwa dansi na kwa mwili. Sheria ilipolegezwa mwaka 1843, maneno yaliingia kwenye pantomaimu kama maji yaliyovunja ukingo, na tangu hapo mchezo huu haujanyamaza. Lakini ule ujuzi wa mwili uliokomazwa na katazo haukutupwa. Ulibaki, na maneno yakawekwa juu yake. Ndivyo pantomaimu ilivyokua karne zote: kila kizazi kiliongeza chumba, hakikubomoa nyumba.

Chumba kimoja kilijengwa na Joseph Grimaldi, aliyezaliwa mwaka 1778 na kupanda jukwaani angali mtoto mdogo. Alipocheza katika mchezo wa Mother Goose huko Covent Garden, Desemba 1806, alimfanya mchekeshaji kuwa mtu mkuu wa usiku mzima. Kuruka na kuanguka kuliuvunja mwili wake. Mwaka 1828, hajafikisha hata miaka hamsini, aliwaaga watazamaji akiwa amekaa kitini kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Hadi leo wachekeshaji huko London huwa na ibada ya kila mwaka ya kumkumbuka, nao huingia kanisani wamevaa mavazi yao ya kazi. Nalitaja hilo kwa heshima: wako watu wanaojua wamerithi kutoka kwa nani.

Chumba kingine kilijengwa na mwandishi H. J. Byron, aliyemleta Bibi Twankey katika Aladdin ya mwaka 1861. Ni mjane maskini, mamake Aladdin, na sehemu yake ikachezwa na mwanamume. Na baadaye, chini ya Augustus Harris, Drury Lane ikawakusanya nyota wa kumbi za muziki, akiwemo Dan Leno, mwanamume mdogo wa umbo aliyecheza wanawake wa aina hiyo kuanzia 1888 hadi alipokaribia kufa mwaka 1904. Maonyesho ya Harris yalikuwa na wachezaji mamia na yalichukua saa nyingi. Ungedhani kitu kikubwa kiasi hicho hakiwezi kuingia katika ukumbi wa kijiji wenye jukwaa la hatua nane. Kumbe kiliingia, na kikatulia humo kuliko kilivyotulia mjini.

Kwa nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Pantomaimu imeundwa kwa nafasi. Kila nafasi ina kazi yake na kanuni yake, na kila kanuni inaweza kushikwa na mtu asiyewahi kusomea sanaa. Yupo Bibi, anayechezwa na mwanamume. Yupo kijana shujaa, ambaye kwa desturi ya tangu karne ya 19 huchezwa na msichana mwenye buti ndefu na sauti ya kuimba. Yupo binti anayependwa. Yupo mwovu. Yupo jini mwema. Wapo wajinga wawili wanaoharibu kila wanachogusa. Yupo mnyama wa kitambaa. Na lipo kundi la watoto wanaocheza wanakijiji, panya, askari, au chochote ambacho kitambaa kilichopatikana kinaruhusu. Kijiji kikikaa kupanga nani atakuwa nani, kinajipanga chenyewe. Mwenye sauti nzuri anajulikana. Mwenye ulimi mkali anajulikana. Mzee asiyeweza tena kusimama muda mrefu hupewa kitabu, akakaa pembeni mwa pazia kuwakumbusha waliosahau maneno, na hiyo ni kazi yenye heshima kuliko nyingi.

Tazameni kanuni ya kuingia jukwaani. Jini mwema huingia kutoka mkono wa kulia wa jukwaa, mwovu kutoka kushoto. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kutoa na kupokea kwa mkono wa kulia hatuhitaji kuelezwa maana yake. Lakini kwa mwongozaji wa kundi la ridhaa kanuni hii ina faida nyingine: watu wapya hawagongani, mwenye taa anajua mwangaza wa kijani aelekeze wapi, na mtoto wa miaka minne ameshajua ageukie upande gani kuzomea kabla mtu hajafungua mdomo.

Au chukueni wimbo wa pamoja. Karibu na mwisho wa mchezo, pazia la mbele hushushwa, wajinga wawili au Bibi hubaki mbele yake, bango lenye maneno ya wimbo huteremshwa, na ukumbi wote hufundishwa kuimba. Upande wa kushoto hushindanishwa na upande wa kulia. Watoto wachache huitwa mbele, wakaulizwa majina, wakapewa peremende. Mtazamaji huona ni furaha tu. Nyuma ya pazia, dakika zilezile, wengine wote wanavua matambara na kuvaa nguo za harusi, na mafundi wanasimamisha kasri kwa ajili ya onyesho la mwisho. Bila wimbo ule harusi haiwezekani. Hata yale mazungumzo mafupi mbele ya pazia katikati ya mchezo yamewekwa pale kwa sababu nyuma yake kuna mtu anaburuta mti. Sijaona sanaa nyingine iliyogeuza shida za kubadilisha jukwaa kuwa sehemu tamu kuliko zote za usiku.

Sasa Bibi. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuiga mwanamke. La. Bibi wa pantomaimu hadanganyi mtu. Sauti ni ya kiume, hatua ni ya kiume, buti za fundi zinaonekana chini ya gauni. Anachokifanya ni kusimama karibu zaidi na watazamaji kuliko mhusika mwingine yeyote. Ndiye anayemchagua mwanamume mmoja katika safu ya mbele na kumtania kuwa mchumba wake usiku mzima. Ndiye anayelijua shimo la barabarani ambalo halmashauri haijalifukia, na jina la baa inayofungwa mapema. Na chini ya vichekesho vyote ni mama anayelea mtoto peke yake, hana kodi ya nyumba, na ng'ombe wa mwisho anapelekwa sokoni. Dan Leno alisifiwa kwa sababu wanawake aliowacheza walikuwa watu kamili wenye shida za kweli. Mchezaji wa ridhaa akilielewa hili, kijiji hakitamsahau. Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili: wachekeshaji wetu wa kiume wanaojifunga khanga na kilemba na kuwa mama wa nyumba ya kupanga wanafahamiana na Bibi huyu, ingawa hawajaonana.

Na watazamaji? Kwa kanuni ya mchezo, wao nao ni wachezaji wenye maneno yao. Mwovu husema, "Hamtanishinda!" Wao hujibu, "Tutakushinda!" Shujaa huuliza aliko mzimu, nao hupiga kelele, "Nyuma yako!" Anageuka, mzimu unageuka naye, haoni kitu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ukumbi umesimama. Liko onyesho la zamani la benchi: wahusika watatu au wanne wamekaa wakiimba kujiondolea hofu, mzimu unakuja kumchukua mmoja mmoja, hadi anabaki Bibi peke yake. Bibi anageuka, wanatazamana uso kwa uso, na anayekimbia ni mzimu.

Mtoto wa miaka mitano akiona hayo hujifunza mambo ambayo wanafunzi wangu wa chuo huyapata kwa taabu. Hujifunza kwamba anajua kitu ambacho mhusika hakijui. Hujifunza kusubiri. Hujifunza kwamba sauti yake, ikiungana na za wengine, inabadilisha kinachotokea. Hujifunza kuwa mwovu aliyemtisha ni mwalimu wake, na kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Sisi tunayo "Paukwa!" na "Pakawa!", na bibi zetu hawakuendelea na hadithi mpaka wasikie jibu. Pantomaimu imefanya jibu hilo kuwa mhimili wa mchezo mzima, kutoka pazia hadi pazia.

Kuna jambo nalisisitiza kwa waongozaji vijana. Pantomaimu mbaya ni ile inayojicheka yenyewe. Mchezaji akianza kukonyeza ukumbi, kana kwamba anasema mimi ni msomi, haya mambo ni chini yangu, mchezo umekufa. Mwovu asipotaka kweli kumnyang'anya mjane nyumba yake, watoto hawana wa kumzomea. Kijana shujaa asipompenda binti kweli, wimbo wao ni kelele. Mtu wa ridhaa anaweza kusahau maneno, anaweza kujikwaa kwenye waya wa taa, na ukumbi utamsamehe na kumshangilia zaidi. Lakini hausamehe asiyeamini.

Kundi la kijiji huanza mazoezi majani yanapopukutika, Septemba au Oktoba. Wengi huonyesha Januari au Februari, kwa kuwa Desemba watu wana mambo mengi na majumba ya mjini yana pantomaimu zao za kulipwa, ambazo kwa majumba mengi ndizo zinazolipia michezo mingine ya mwaka. Mwenye mswada hulipwa haki yake kwa kila onyesho. Nyimbo nazo zina haki zake. Watoto wanaopanda jukwaani wana sheria zinazowalinda, na lazima wawepo watu wazima maalumu wa kuwatunza nyuma ya pazia. Katika kumbi nyingi hakuna njia ya kupita nyuma ya jukwaa, kwa hiyo mchezaji aliyetokea kulia akitakiwa kuingia kushoto hutoka nje na kuzunguka jengo kwenye mvua, amevaa mavazi ya jini. Na ukumbi wenyewe si wao peke yao: asubuhi ni chekechea, jioni ni kikao, na ngome ya zimwi lazima isogezwe ukutani.

Vikundi hivyo vina umoja wao, NODA, ulioanzishwa mwaka 1899. Zaidi ya karne moja watu wasiolipwa wamekuwa wakitembeleana kutazama kazi, kukosoana na kupeana moyo. Iko pia desturi moja ya zamani ninayoipenda. Mistari miwili ya mwisho kabisa ya mchezo haisemwi katika mazoezi. Huachwa mpaka usiku wa kwanza, wakiamini kuwa mchezo hauwezi kukamilika pasipo watazamaji. Wanaamini kuisema mapema huleta mkosi. Desturi hiyo mimi naiita nadharia nzuri ya tamthilia.

Mfano maarufu wa pantomaimu ya ridhaa ni wa wakati wa vita. Binti za mfalme, Elizabeth na Margaret, walihifadhiwa katika ngome ya Windsor wakati London ikipigwa mabomu. Kuanzia Krismasi ya 1941 hadi 1944 walicheza pantomaimu kila mwaka pamoja na watoto wa shule ya jirani, katika chumba kikubwa kiitwacho Waterloo, kuchangia mfuko wa sufu za kuwafumia askari nguo. Elizabeth ndiye aliyevaa suruali za kijana shujaa. Mwaka 1943 alikuwa Aladdin. Picha za thamani za chumba hicho zilikuwa zimeondolewa kwa usalama, zikabaki fremu tupu, na katika fremu zile yakabandikwa mabango ya wahusika wa pantomaimu, yaliyochorwa na kijana mmoja mwanafunzi wa sanaa. Vita vilipokwisha, picha za majenerali na wafalme zilirudishwa juu ya mabango. Yamo humo hadi leo, nyuma ya wakubwa: Paka Mwenye Buti na wenzake.

Nimesifu, na sasa niseme linaloniuma. Mchezo huu umebeba pia kejeli juu ya watu wa mbali. Aladdin imechezwa kwa vizazi vingi katika China ya kubuni, na Waingereza waliojipaka uso na kusema Kiingereza cha kuvunja. Robinson Crusoe ilileta watu waliopakwa weusi. Hayo hayatetewi kwa kusema ni utani. Vikundi vingi sasa vimebadilisha mji, majina na mavazi, na mchezo haukupungukiwa na chochote, kwa sababu uzito wake haukuwa pale. Na hadithi ya Aladdin yenyewe ina safari ndefu: Antoine Galland, Mfaransa, aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa kijana wa Aleppo, Hanna Diyab, akaitia katika tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela. Kwa muda mrefu Galland alitajwa na Hanna hakutajwa. Wale wanaoicheza leo katika ukumbi wa kijiji cha Kiingereza wanacheza hadithi ya msimulizi wa Shamu.

Je, pantomaimu ilifika kwetu? Ilifika, ikaishi nyuma ya ua. Little Theatre ya Dar es Salaam, kule Oysterbay, na klabu ya jina hilohilo Mombasa zilianzishwa na wageni waliotaka kucheza michezo ya kwao, na Dar es Salaam pantomaimu ya mwisho wa mwaka imekuwa desturi yao. Baadaye milango ilifunguka kwa wengine. Lakini katika miaka ya ukoloni Mwafrika wa kawaida alikuwa mfagiaji wa ukumbi. Jumba la Taifa la Maonyesho la Nairobi lilifunguliwa 1952, na hata baada ya uhuru ratiba yake ilibaki mikononi mwa wageni. Mwaka 1976 tamthilia inayomhusu Dedan Kimathi na nyingine iliyoandikwa na Francis Imbuga zilipewa siku chache tu humo, na waandishi walilalamika kwa haki. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa akiichukia pantomaimu pamoja na kila kilichokuwa klabuni.

Lakini tazameni kilichofuata. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga wenyewe jukwaa la wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Mazoezi yalikuwa hadharani. Kila aliyepita alikosoa na kuongeza. Kibali kiliondolewa Novemba, Ngũgĩ akakamatwa siku ya mwisho ya mwaka, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Najua hakuna kichekesho cha peremende katika habari hiyo. Nalisema hili kwa sababu Kamiriithu lilikuwa kundi la ridhaa kwa maana kamili: majirani wakicheza mbele ya majirani, katika lugha yao, kwa fedha na mikono yao. Umbo lilikuwa tofauti kabisa, na nguvu ni ileile. Serikali iliitambua nguvu hiyo mapema kuliko wasomi.

Tangu hapo tumekuwa na mengi mema. Mashindano ya tamthilia ya shule za Kenya yamelea waandishi na waigizaji. Vikundi vya Muungano na TOT vilijaza kumbi za Dar es Salaam kwa ngoma, vichekesho, sarakasi, maigizo na taarab usiku mmoja, na nasema bila wasiwasi kuwa hao walikuwa ndugu wa Drury Lane ya akina Harris. Walimu wa chuo cha sanaa cha Bagamoyo na wa chuo kikuu wamepeleka sanaa vijijini kujadili maji, ndoa za mapema na UKIMWI. Ila shuleni tunacheza ili tushinde, na mtoto akimaliza shule amemaliza kucheza. Kwenye miradi tunacheza ili ujumbe ufike, na mfadhili akiondoka kundi huvunjika. Tunakosa lile onyesho la kila mwaka lisilo na kombe wala ujumbe wa mwenye fedha, ambalo mtaa unajiandalia wenyewe, mama muuza maandazi akiwa jukwaani na mteja wake akiwa kitini.

Hatuhitaji kuazima Cinderella. Mwaka 1870 Askofu Steere alichapisha ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni Sultani Darai. Maskini Hamdani anaokota thumuni jaani, anamnunua paa. Paa anazungumza, anapata almasi, anaipeleka kwa Sultani wa mji mwingine, anamnadi bwana wake kama mfalme na kumposea binti. Wenzetu wa Ulaya wanaijua hadithi ya namna hii kama Paka Mwenye Buti. Yetu ni tajiri zaidi. Paa anahitaji kasri la kumweka bibi harusi, anaikuta nyumba kubwa yenye mali, na ndani yupo bibi kizee anayemwonya akimbie, kwani mwenye nyumba ni nyoka wa vichwa saba.

Pangeni basi. Paa: msichana mwepesi wa miguu na mwenye sauti. Nyoka: watoto saba chini ya shuka moja refu, kila mmoja na kichwa chake cha karatasi, wakiingia mlangoni mmoja baada ya mwingine, na ukumbi ukihesabu vichwa vinavyoanguka. Bibi kizee: dereva wa daladala mwenye maneno mengi, kanga mbili na wigi, aliyejifungia na nyoka miaka mingi na mwenye hamu ya umbea wa mjini. Sultani: mtu ambaye mtaa mzima unamdai. Jaa: kila mtoto alete taka safi ya nyumbani kwao. Nyimbo: tunazo.

Kuna shida moja tu, na ndiyo inayonifanya niitake hadithi hii. Paka wa Ulaya hutunzwa mwisho wa hadithi. Paa wetu huugua, na Hamdani, aliyetajirishwa naye, anaamuru apewe uji duni. Paa anakufa. Hamdani analala kasrini na kuamka jaani. Kikundi chochote kitakachoicheza kitabishana kama mwisho huo ubadilishwe kwa ajili ya watoto. Ningekuwa katika kamati, ningepiga kura ubaki. Fikirini ukumbi uliofundishwa kwa saa mbili nzima kwamba ukipiga kelele mhusika anageuka. Mtumishi anakuja mara tatu kumwambia Hamdani kuwa paa hali yake ni mbaya. Ukumbi unamwambia aende akamwone. Mara ya pili wanasimama. Mara ya tatu wanamfokea kwa jina, watoto na wazazi wao, na Hamdani hageuki. Mchezaji wa sehemu hiyo achaguliwe kwa uangalifu kuliko wote, tena awe mtu anayependwa sana mtaani, kwa sababu ataishi na kelele hizo hadi mwaka unaofuata atakapopewa sehemu nyingine.